Nilisema ni Mwanafunzi Mwenzangu

Kwa msomaji aliyenikuta leo nitafupisha, maana hata mimi nimechoka kujirudia. Naitwa Bhoke, mzaliwa wa Nyarero, wilaya ya Tarime. Nafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo pale Bomani, mjini Tarime, na sasa niko likizo ya masomo, nasomea shahada ya uzamili ya fedha huko Mwanza. Nimeshawasimulia nilivyofeli takwimu nikarudia, nilivyoibiwa kompyuta ikiwa na sura mbili za utasnifu ndani, na jinsi msimamizi wangu wa kwanza alivyohamia chuo kingine bila hata kuniaga.

Yote hayo niliyavumilia kwa sababu moja. Utasnifu wangu ukipita, Steven, mpenzi wangu ninayesoma naye, analeta wazee wake kwetu kunichumbia. Ndivyo tulivyokubaliana, shahada kwanza na ndoa baadaye. Kilichobaki kilikuwa kuutetea mbele ya jopo.

Wiki iliyopita niliwaacha ofisini kwa Dk. Agustina, msimamizi wangu wa sasa. Alikuwa ameufunga utasnifu wangu na kuusogeza kando.

"Bhoke, sura yako ya nne ni nzuri kuliko zote nilizowahi kusimamia."

"Ahsante, Daktari."

"Usishukuru kwanza. Uzuri wake ndio unaonitia wasiwasi."

Niwaeleze wasiwasi wenyewe. Utasnifu wangu unahusu ng'ombe kama akiba. Watu wa kwetu hawaweki ng'ombe wao wote zizi moja. Mzee wa Nyarero anaweza kuwa na majike kwa rafiki yake Sirari na madume kwa shemeji yake Morotonga, kule Serengeti, ili ugonjwa au wezi wakiingia upande mmoja, upande mwingine ubaki. Vitabu vya fedha vinasema huko ni kutawanya hatari. Wazee wetu hawajaupa mtindo huo jina, na hawausemi. Ng'ombe wa mtu wako kwa nani ni siri yake na ya wanaume wa nyumbani kwake.

"Wanafunzi wangapi wamekwenda Tarime wakarudi na jibu la 'ninao wachache tu'?" Dk. Agustina akaendelea. "Wewe una majina ya vijiji. Una ng'ombe aliyehamishwa, na sababu ya kuhamishwa. Nani aliyakusanya haya?"

"Mtafiti msaidizi wangu. Anaitwa Steven."

"Ni Mkurya?"

"Hapana. Mtu wa Magu."

Akavua miwani. "Basi jopo litaniuliza mimi, nami nakuuliza wewe. Mgeni kutoka Magu aliaminiwaje na wazee wa Nyarero? Rudi kwa wale wale waliohojiwa, waulize, kisha uniandikie ukurasa mmoja kwenye sura ya mbinu. Bila ukurasa huo huingii kwenye utetezi."

Ukurasa mmoja tu. Nilitoka pale nimefurahi. Niliona ni kazi ya siku mbili, nile ugali wa mama yangu, nirudi.

Hapa lazima niseme kwa nini nilimtuma Steven, maana najua mtauliza. Mimi ni binti wa kijiji kile. Mzee wa Kikurya hawezi kumwambia binti wa ndugu yake ng'ombe wake wamelala wapi. Binti ataolewa, na siri ataondoka nayo kwenda kwa watu. Mwanaume anaweza kukaa zizini na wazee, akanywa chai yao, akasubiri. Kwa hiyo wakati wa palizi nilimpeleka Steven kwa mama yangu, mimi nikarudi Mwanza kufanya mtihani wa marudio.

Mama alituangalia pale mlangoni. "Huyu ni nani?"

"Ni mwanafunzi mwenzangu," nilisema. "Ananisaidia utafiti."

Ningesemaje? Kwetu binti hamleti mwanaume mbele ya mama yake akasema huyu ni wangu, kabla wazee hawajakaa. Ni kumvunjia mama heshima. Steven hakukasirika. Alisema adabu yangu ndiyo iliyomfanya anipende. Nikaondoka nikiwa nimetulia kabisa, na ndivyo nilivyorudi safari hii pia.

Nilifika Nyarero Jumamosi asubuhi. Bodaboda alinishusha kwenye kona ya migomba, nikaingia uani, nikamkuta Irine anaanika makopa juu ya mawe. Aliposimama kunipokea begi, nililiona tumbo lake.

Irine ni mke wa mama yangu.

Msomaji wa mbali usishangae. Mama yangu, Mokami, alizaa mabinti watupu, kisha baba akafariki. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume kwetu ni nyumba inayohesabiwa imezima. Mama akafanya wanayofanya wanawake wa Kikurya tangu zamani, akatoa ng'ombe akaoa. Tunaita nyumba ntobhu. Irine, binti wa Morotonga, ni mokamona wake, yaani mke wa yule mtoto wa kiume ambaye mama hakumpata. Kwangu ni wifi. Watoto atakaowazaa, kwa mwanaume yeyote atakayemtaka mwenyewe, ni watoto wa nyumba ya mama yangu na watabeba jina la baba yangu. Huyo mwanaume hatajwi, wala haulizwi.

"Irine! Na simu hukupiga?"

"Mama alikataa. Alisema utaona mwenyewe."

Mama akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga. "Umeona? Mungu ametukumbuka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Waone wale waliokuwa wanasema mji wangu utaota nyasi."

Nilipiga vigelegele. Nilimkumbatia Irine, nikazunguka naye pale uani mpaka mama akanikemea nisimtikise. Naomba hilo mlikumbuke, kwamba mimi ndiye niliyepiga vigelegele.

Baada ya chakula nikachukua kalamu na karatasi, nikaenda kwa Mzee Nchagwa. Ni kaka wa marehemu baba yangu, kwa hiyo namwita baba mkubwa. Boma lake limepakana na letu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anasokota kamba.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Bado unasoma tu?"

"Bado kidogo."

"Hiyo shule yako haina kengele ya kutokea?"

Nikacheka. Mzee huyu ananipenda, na akimpenda mtu humtania. Nikamweleza shida yangu. Nikamwambia mwalimu wangu anataka kujua kwa nini yule kijana aliambiwa mambo ambayo wengine hawaambiwi.

"Yule mura, kijana mrefu? Wa Magu?"

"Huyo huyo. Mimi nilikuuliza mwaka jana ng'ombe wako wako wapi, ukaniambia wako malishoni."

"Walikuwa malishoni."

"Lakini yeye ulimwambia mpaka wale wa Morotonga. Na yeye ni mgeni."

Akaacha kusokota kamba. "Nani mgeni?"

"Steven."

"Alikuwa mgeni siku za mwanzo. Alikuja hapa na makaratasi yake, tukampa chai, tukamdanganya. Waulize wenzangu. Tulimdanganya vizuri tu, mpaka na yeye akaonekana anaridhika." Alicheka peke yake. "Halafu asubuhi moja nikamwona anatoka nyumba ya Irine, jua limeshawaka."

Kalamu yangu ilikuwa inaandika. Iliandika: jua limeshawaka.

"Unajua wanaume wa namna ile wanavyofanya," akaendelea. "Wanaingia na giza, wanatoka na giza. Hakuna anayewaona, hata ukiwaona hukuwaona. Huyu kwa ujinga wake akatoka mchana kweupe. Akapiga mswaki mbele ya nyumba. Akaona zizi la mama yako limebomoka, akavua shati akaanza kuliziba! Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Hajui desturi, maskini. Lakini kazi aliyoifanya ilikuwa nzuri. Kesho yake akachota maji. Akapeleka ng'ombe mtoni. Tukasema, aa, huyu sasa ana kiti."

"Ana kiti," nikaandika.

"Jioni akawa anakaa na sisi. Mtu wa nyumba ile lazima ajue ng'ombe wa ukoo wako wapi. Sisi tukifa, nani atawafuata? Wewe?"

"Kwa hiyo hamkumwambia mtafiti."

"Mtafiti ndiye nani? Tulimwambia mwenye nyumba ya Irine."

Niliangalia karatasi. Mwandiko wangu ulikuwa wa kawaida kabisa, mistari imenyooka. Nilitegemea kitu kinipate, moyo uende mbio au machozi yatoke. Hakikunipata kitu. Niliona kuku anapita na kifaranga mmoja, nikajiuliza wengine wako wapi.

"Mwandikie mwalimu wako hivyo," mzee akasema. "Na wewe ukikutana na yule mura huko shuleni msalimu. Anaweza asijue, lakini kwa sisi huyo amekaa pale ambapo angekaa kaka yako. Kaka ambaye baba yako hakumzaa. Mheshimu hivyo."

"Kama kaka," nilisema.

"Si kama. Ndiye."

Sijawahi kusikia wazee wamekaa kuamua kama mtu wa namna hiyo anaweza kumwoa binti wa nyumba ile, na sijui kama wakikaa watakubaliana. Lakini Mzee Nchagwa akishasema, pale Nyarero wengi hufuata. Niliaga. Nikarudi nyumbani kwa njia ya juu, ile ndefu, ingawa hapakuwa na sababu.

Irine alikuwa bado kwenye makopa yake, anayageuza. Nikakaa kwenye jiwe la pembeni.

"Wifi, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Mtoto ni wa Steven?"

Aliangalia nyumba ya mama kwanza. Kwetu hilo haliulizwi. Binti mwenye adabu hawezi kumuuliza mokamona swali kama hilo, na mimi nililiuliza kama vile nauliza chumvi iko wapi.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa ajili ya utasnifu."

Akanitazama usoni. Sijui aliona nini. "Mtoto ni wa nyumba hii," alisema. "Lakini kama ni shule, basi ndiyo. Ni yule."

"Mama ndiye aliyekupangia?"

"Hakuna aliyenipangia!" Alikasirika kidogo, na alikuwa na haki. "Mama alisema tu, yule kijana ana urefu, ana adabu, ana kichwa cha shule, nikimtaka yeye hana neno. Mimi ndiye niliyemtaka. Walinioa hapa, wifi, lakini hilo moja ni langu. Kabla yake kuna watu walikuwa wanapita hapo njiani wananikoholea. Mimi nikasema siwezi kuzaa na mtu anayekohoa njiani. Huyu alinisalimia, akaniuliza jina, akaniuliza Morotonga kukoje. Hakuna mtu hapa aliyewahi kuniuliza Morotonga kukoje."

Nilijua sauti anayoulizia. Na mimi aliwahi kuniuliza Nyarero kukoje, tukiwa tumekaa nje ya maktaba.

"Alikuambia ana mchumba?"

"Hapana. Ana mchumba?"

Irine aliuliza bila wivu. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za jamaa aliyesafiri. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakunikosea kitu. Mama hakunikosea. Wazee hawakunikosea. Walimpokea mwanafunzi mwenzangu, na mwanafunzi mwenzangu ndiye niliyemleta.

"Sijui," nilimjibu. "Hatuongeleani mambo hayo."

Mama akaja na kikombe cha uji wa Irine, akakaa nasi. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu baba afariki. Alinieleza atakavyolipanua zizi. Alinieleza kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa jina la baba, na akiwa wa kike hakuna neno, Irine bado ni kijana.

"Na huyo atasoma," mama akasema. "Nimeangalia damu yake. Wewe ulivyosoma, na yule alivyosoma, atakuwa na akili pande zote."

"Mimi sina damu yangu humo, mama."

"Huna vipi? Ni mdogo wako huyu!"

Ni kweli. Kwa desturi zetu mtoto yule ni ndugu yangu, mtoto wa nyumba ya baba yangu. Nilikunywa uji alioubakisha Irine. Ulikuwa na limau nyingi.

"Kuna kitu kimoja tu ninachokiogopa," mama akaongeza, sauti imeshuka. "Wanaume wa siku hizi hawana adabu. Unasikia mtu katoka huko, kaja na wazee wake, eti anadai mtoto wake. Kule kwa jirani yetu wa juu walifika mpaka kwenye baraza la kijiji. Mimi akija mtu hapa kudai, Bhoke, nitamkata mguu. Mungu ananisikia."

"Steven hawezi," nilisema.

"Wewe unamjua."

"Ndiyo, mama. Namjua."

Jioni hiyo nilifungua kompyuta kwenye meza ya kulia nikaandika ukurasa wa Dk. Agustina. Mnajua ulivyoanza? "Mtafiti msaidizi alipata imani ya wahojiwa kwa kuishi nao na kushiriki shughuli za kila siku za kaya." Niliisoma tena. Sentensi safi, haina kosa. Jopo lingetikisa vichwa kwa kuridhika, ningepewa shahada yangu, na kila neno lingekuwa kweli.

Kitu cha kwanza walichotufundisha kwenye somo la uwekezaji ni kutokuweka kila ulichonacho mahali pamoja. Babu zangu walilijua hilo hawajaona darasa. Mimi niliyeandika kurasa zaidi ya mia kuhusu jambo hilo, shahada yangu na ndoa yangu niliziweka kwa mtu mmoja, nikampandisha basi la Tarime.

Simu ikalia. Steven. Nikaiacha ilie. Ikalia tena, nikaigeuza kifudifudi juu ya meza. Sikuwa na hasira. Nawaambia ukweli, ningekuwa na hasira ningepokea. Nilikuwa sina neno la kuanzia, na nilikuwa na usingizi. Nililala kama gogo, jambo ambalo bado linanitia aibu.

Jumapili tulikwenda kanisani, mimi, mama na Irine. Mchungaji alitaja nyumba yetu kwenye shukrani na watu wakapiga makofi. Mama akasimama, akamsimamisha na Irine. Na mimi nikasimama, maana mtu mmoja kubaki amekaa kungeonekana vibaya.

Tulipotoka nikawasha simu. Ujumbe wake ulikuwa umeingia alfajiri.

"Bhoke hupokei. Najua umechoka kusubiri. Kama ni utasnifu unaotuchelewesha basi ndoa isiusubiri tena. Nimeongea na wajomba, wamekubali. Tuko njiani. Usimwambie mama, nataka nimfanyie heshima ya kushtukiza."

Nilisimama njiani na ile simu. Mama na Irine wakatangulia, wanaongea habari za kitambaa cha kumbebea mtoto. Ningeweza kumpigia. Ningeweza kumwambia geuzeni gari, mimi nimejua, na wewe kuna jambo hujui. Nilifungua jina lake. Kisha nikamwona mama anageuka kuniita, uso wake wote unacheka, nikairudisha simu kwenye mkoba. Sasa hivi nikifikiria naona ule ndio muda niliopewa, na niliutumia kutembea.

Gari lilikuwa limeshaegeshwa kwenye kona ya migomba.

Steven alikuwa amesimama uani kwetu amevaa koti. Pembeni yake wazee wawili wa Magu, mmoja mnene mwenye kofia, huyo ndiye mjomba wake mkubwa, na mwingine amebeba vitenge vimefungwa vizuri kwenye mfuko. Mzee Nchagwa alikuwa tayari amefika kutoka kwake, amewatolea viti, anawatania kuhusu barabara. Hakujua walichojia. Alifikiri mura wake amekuja kusalimia.

"Shikamoo, mama," Steven akasema, akainama.

Mama hakuitikia. Alimwangalia yeye, akawaangalia wale wazee wawili, akaangalia mfuko. Niliona akili yake ikifika mahali ambapo ilikuwa inaogopa kufika.

"Irine, ingia ndani," alisema.

Irine hakuingia. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na aliposogea ili amwone mgeni, mgeni naye akamwona. Kwanza uso. Kisha Steven akashusha macho mpaka tumboni.

Sijui mtu anakuwaje anapoona vile. Mimi nilikuwa naliangalia koti lake. Lilikuwa lile nililomchagulia kwa ajili ya siku ya utetezi wake.

"Mama yetu," mjomba mwenye kofia akaanza kwa upole, "sisi ni wageni wako kutoka Magu. Tumekuja kwa heri. Kijana wetu huyu aliwahi kufika hapa, akapokelewa vizuri, na sasa..."

"Na sasa nini?" Mama akadakia. "Na sasa nini, mzee? Mtoto hatoki hapa!"

Mjomba akamtazama mwenzake. "Mtoto gani, mama?"

"Msijifanye! Nyumba hii nimeitolea ng'ombe mimi, mbele ya watu. Mtoto wa Irine hana baba mwingine. Baba yake ni mimi! Mwende mkaseme Magu, baba yake ni Mokami!"

"Mokami, tulia," Mzee Nchagwa akasema, lakini naye alikuwa ameshasimama. Utani wote umemtoka. "Mura, umekuja kudai? Tulikupa kiti, tukakuonyesha mambo ya ukoo, halafu unatuletea wazee kudai?"

"Hapana, mzee," Steven alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mimi sikujua. Wallahi sikujua kama..."

"Hukujua nini?" Mjomba wake sasa alikuwa amemgeukia. "Steven. Hukujua nini?"

Majirani wawili watatu waliokuwa wanatoka kanisani wakapunguza mwendo kwenye ua. Nilimwonea mama huruma, na hicho ndicho kitu pekee nilichokisikia sawasawa siku ile. Mwanamke huyu alikuwa amesubiri maisha yake yote nyumba yake iwake taa, na asubuhi hiyo hiyo ametoka kupigiwa makofi.

"Kuna mtu mmoja hapa anayemjua," Mzee Nchagwa akasema. "Bhoke ndiye aliyemleta. Bhoke, njoo katikati. Waambie wazee hawa, huyu ni nani?"

Nikaenda katikati.

Steven alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba, na najua alichokuwa anaomba. Alitaka niseme neno moja, kwamba ni mchumba wangu, ili mama ajue hawakuja kwa ajili ya mtoto. Na lingekuwa kweli. Lakini nikilisema, mjomba wake atajua, mama atajua, na Mzee Nchagwa atasema mbele ya majirani lile la kaka. Irine atajua kwamba alichojichagulia peke yake katika nyumba ile kilikuwa cha wifi yake. Na mtoto atazaliwa na hadithi hii shingoni. Nisipolisema, nimempoteza Steven pale pale, kwa mdomo wangu, na vitenge vimeshafungwa.

"Sema, mwanangu," mama akanihimiza. "Huyu ni nani kwako?"

"Ni mwanafunzi mwenzangu," nilisema. "Alinisaidia utafiti."

Mama akashusha pumzi. Nilimsikia.

Mjomba mwenye kofia akavua kofia yake. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, maana jina langu alikuwa ameambiwa njia nzima. Akalitazama tumbo la Irine. Halafu akamgeukia mpwa wake, na hakupandisha sauti.

"Steven. Umetutoa kwetu alfajiri. Tuonyeshe basi, mbele ya watu hawa, tumekuja kumchumbia nani?"

Steven akainua mkono wake polepole, ukaelekea tuliposimama, mimi mbele na Irine nyuma yangu.

Irine akarudi nyuma hatua moja. Mimi sikusogea.